Vifua vitatu: siku moja ya baba anayewasubiri mapacha watatu, Kigoma

Saa 10:40 alfajiri

Mke wangu huamka kabla ya adhana ya alfajiri, si kwa kupenda, bali kwa sababu katika wiki ya 29 ya ujauzito wa watoto watatu hakuna ubavu unaovumilika kwa zaidi ya saa moja. Anapotaka kugeuka hunigusa bega, nami humshika mgongo na nyonga, tukasaidiana polepole hadi alalie ubavu wa kushoto, kisha namwekea mto mmoja chini ya tumbo na mwingine katikati ya magoti. Usiku wa kuamkia Alhamisi hii tulifanya hivyo mara sita, na baada ya mara ya sita hatukulala tena, kwa kuwa ilikuwa siku ya kliniki.

Kabla sijawasha jiko humuuliza maswali yaleyale niliyofundishwa na daktari. Je, kichwa kinauma? Macho yanaona ukungu? Uso au vidole vimevimba kuliko jana? Kuna maumivu juu ya tumbo, chini ya mbavu? Shinikizo la damu la ujauzito huwapata zaidi wanawake wenye mimba ya watoto zaidi ya mmoja, na likiachwa bila kutazamwa linaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Ndiyo maana tangu mwezi wa nne wa ujauzito anameza kidonge kidogo cha aspirini kila usiku kwa agizo la daktari. Alijibu "hapana" mara nne, nami nikaandika tarehe na majibu yake katika daftari lilelile ninaloandikia vipimo vya wateja wangu. Siku atakapojibu "ndiyo" hata kwa swali moja, tutaondoka nyumbani saa hiyohiyo.

Saa 12:30 asubuhi

Mama mkwe wangu alifika kutoka Kasulu wiki tatu zilizopita, na tangu afike jiko ni lake. Anampikia binti yake uji wa ulezi, na baada ya saa mbili anamletea ugali kidogo wa muhogo na dagaa waliopikwa kwa mawese, kwa kuwa tumbo la chakula limebanwa na tumbo la uzazi, hivyo anakula kidogo kidogo mara sita kwa siku badala ya kushiba mara tatu. Jambo tuliloshindana nalo kwa upole ni chai. Mama aliizoea pamoja na kila kitu, nasi tuliambiwa kwamba chai huzuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo katika vidonge vya kuongeza damu. Sasa vidonge vinamezwa kwa maji na kipande cha chungwa, na chai inasubiri.

Kuna jambo jingine ambalo mama mkwe hakubaliani nami, naye hunieleza kwa heshima: kwao mtoto hashonewi nguo akiwa bado tumboni. Mimi ni fundi cherehani, na mikono yangu haikuweza kutulia. Tukaafikiana kwamba chochote nitakachokishona kitabaki kibandani kwangu, kisiingie nyumbani kabla ya watoto wenyewe.

Saa 2:00 asubuhi

Kutoka Mwanga hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, tunakwenda kwa bajaji ya kijana mmoja anayejua kila shimo la barabara hiyo. Bodaboda tuliiacha tangu mwezi wa tatu wa ujauzito.

Habari ya watoto hawa tuliipata kwa awamu. Katika wiki ya tisa, kituo kimoja cha binafsi kilitupima kwa ultrasaundi na kutuambia kwamba ni wawili, tukarudi nyumbani tukiimba. Katika wiki ya 13 tulipimwa tena, na mpimaji akazungusha kifaa kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaniita nisogee nitazame mwenyewe mapigo matatu ya moyo. Mke wangu alilia. Mimi nilimuuliza mpimaji swali ambalo hadi leo nashukuru kwamba lilinijia: je, kila mmoja ana kondo lake la nyuma? Nilikuwa nimesikia neno hilo kwa dada yangu aliyejifungua mapacha. Jibu likawa kwamba wawili wanashiriki kondo moja na wa tatu ana lake, na wiki hizo za mwanzo ndizo zinazofaa zaidi kulitambua jambo hilo, kwa sababu baadaye nafasi hubana na picha huwa ngumu kuisoma.

Umuhimu wake ni huu. Watoto wanaoshiriki kondo moja mishipa yao ya damu inaweza kuungana humo, mmoja akapokea damu nyingi kupita kiasi na mwenzake akapungukiwa, nao wote wawili wakawa hatarini. Kwa hiyo tunapimwa kila baada ya wiki mbili, na kinachotafutwa si ukuaji tu, bali tofauti baina yao. Leo wale wawili walikadiriwa kuwa na gramu 1,210 na 1,150, na yule mwenye kondo lake gramu 1,060. Daktari alisema tofauti hiyo haimtii hofu. Nilimwomba arudie sentensi hiyo, naye akairudia bila kuchoka.

Shinikizo la damu lilikuwa zuri na mkojo haukuwa na protini. Wingi wa damu ulikuwa 10.2, chini kidogo ya 11 inayotakiwa, hivyo vidonge vinaendelea na dagaa wanaongezwa. Mke wangu alimeza dozi ya SP ya kukinga malaria mbele ya muuguzi, kwa kuwa mwezi mzima umepita tangu dozi iliyotangulia, na mkoa wetu ni miongoni mwa ile ambayo malaria haijampa mjamzito nafasi ya kuzembea.

Kisha tukaketi na daktari kuzungumzia kalenda. Mimba ya mtoto mmoja huhesabiwa wiki 40, lakini mapacha watatu kwa wastani huzaliwa karibu na wiki ya 33, na tukifika wiki ya 35 kwa salama ndipo upasuaji utakapopangwa. Nilimuuliza kwa nini asimpe leo zile sindano za kukomaza mapafu ya watoto, ili tuwe tumekwisha kujihami. Alinieleza kwamba dawa hiyo, deksamethasoni, hutolewa kwa sindano nne, moja kila baada ya saa 12, na nguvu yake kubwa huonekana iwapo watoto watazaliwa ndani ya siku saba hivi baada ya kuikamilisha. Ikitolewa mapema mno, manufaa yake hupungua kabla ya siku yenyewe. Kazi yetu, alisema, ni kufika mapema. Uchungu ukianza, maji yakitoka au damu ikionekana, kila saa tutakayoipoteza nyumbani ni saa iliyopunguzwa katika zile ambazo dawa ingefanya kazi. Nimeieleza sehemu hii kwa urefu kwa sababu nilikuwa nikidhani kazi ya baba ni kutafuta fedha, kumbe katika jambo hili kazi yangu ya kwanza ni kutochelewa. Namba 115 ya mfumo wa m-mama, ambayo hupigwa bila malipo ili mjamzito mwenye dharura atafutiwe gari la wagonjwa au dereva aliyesajiliwa, imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wetu, na binti yetu wa darasa la kwanza anaijua kwa moyo.

Tulizungumza pia kuhusu damu. Tumbo la uzazi lililotanuka kwa watoto watatu linaweza kuchelewa kujikaza baada ya kujifungua, na hapo mama hupoteza damu nyingi. Mdogo wangu na shemeji yangu wamekwisha kuchangia, nami nitachangia Jumatatu.

Saa 5:15 asubuhi

Muuguzi wa wodi ya watoto njiti alinichukua pembeni akanionyesha kwa mwanasesere namna ya kumbeba mtoto kwa njia ya kangaruu. Mtoto huvalishwa nepi, kofia na soksi pekee, huwekwa wima kifuani ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande ili apumue, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha hufungwa kwa kitambaa kinachomshika barabara bila kumbana. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na uhaba wa mashine za kuwatunzia watoto joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano ikiwemo Tanzania kwenye Hospitali ya Taifa Muhimbili, uliwachunguza watoto waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8, ukaonyesha kwamba wakibebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali zao zitulie kwanza, vifo katika siku 28 za mwanzo hupungua kutoka asilimia 15.7 hadi 12. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza watoto njiti wabebwe kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Nilihesabu nikiwa nimesimama palepale. Watoto ni watatu. Mama atakuwa ametoka kwenye upasuaji, anahitaji kulala, na tena ndiye atakayekuwa akikamua maziwa. Nilimuuliza muuguzi kama kifua cha mwanamume kinafaa. Akanijibu, "Baba, mtoto anatafuta joto na mapigo ya moyo. Wewe huna?"

Saa 7:30 mchana

Nilimrudisha mke wangu nyumbani, nikamwacha amenyanyua miguu, nikaenda kibandani. Kulikuwa na sare za shule 11 za kumaliza, na kijana ninayemfundisha kazi alikuwa amekata nane kwa usahihi. Nimemwambia wazi kwamba kuanzia mwezi ujao cherehani zote mbili ziko mikononi mwake, na tumekubaliana mgawo wa malipo kwa maandishi.

Mimi sina mwajiri wa kumwomba likizo. Mke wangu ni mwalimu. Kwa sasa yuko kwenye mapumziko aliyoandikiwa na daktari, na akijifungua sheria inampa siku 100 badala ya 84, kwa kuwa ni zaidi ya mtoto mmoja. Baba aliyeajiriwa alikuwa akipewa siku 3, na Mei Mosi ya mwaka 2024 Serikali ilitangaza siku 7 kwa baba wa mtoto njiti. Ni hatua njema, nami ninaithamini, lakini mtoto wa kilo moja na nusu hatoki wodini kwa siku saba, na ningependa wanaotunga sheria wasimame saa moja tu mbele ya vile vitanda vidogo.

Sare zilipokwisha nilitoa kazi yangu mwenyewe. Mjini kwetu vitenge si haba, lakini kitenge kipya kina wanga na ni kikavu kwa ngozi changa, kwa hiyo nilichagua pamba laini nikaifua mara mbili kabla ya kuikata. Kitambaa hicho cha kangaruu ni kama mbeleko iliyohamia mbele, yenye mikanda mipana inayopishana mgongoni, na sehemu ya juu hufika usawa wa sikio la mtoto. Kofia tatu nilizishona kwa kitambaa cha fulana, mzunguko wa sentimita 28. Nilipoivaa moja kwenye ngumi yangu ilikaa sawasawa.

Saa 11:30 jioni

Nilipita sokoni nikanunua dagaa na machungwa.

Saa 2:00 usiku

Tulikula pamoja. Binti yetu aliuliza majina, bibi yake akamweleza kwamba kwa Waha mapacha huitwa Bukuru na Butoyi, na Kiza ni yule anayezaliwa baada yao. "Huyu wa tatu anakuja nao siku moja," mtoto akasema. Bibi alikaa kimya akilifikiria. Mke wangu akasema tutawauliza wenyewe wakifika, kisha akasinzia akiwa ameketi.

Saa 4:10 usiku

Nilipokwisha kuchomeka chandarua nilitoka barazani, nikamkuta mama mkwe ameketi. Aliniuliza muuguzi alisema nini, nami nikamsimulia lile la kangaruu lote, pamoja na hesabu yangu: mmoja kwa mama yake, mmoja kwangu, na wa tatu tutakuwa tukipokezana.

"Mnapokezana kwa nini?" akauliza. "Kifua cha mtu mzima kama mimi hakina joto?"

Nilimwambia kinalo. Alinyamaza kidogo, akaifungua khanga yake ya juu na kuikunja magotini.

"Basi nipime. Lakini kitambaa chenyewe kibaki hukohuko kibandani."

Nilichukua utepe wa kupimia shingoni mwangu, nikampima kwa heshima juu ya gauni, kisha nikafungua daftari na kuandika chini ya kipimo changu: mama, kifua, sentimita 96.