Bamba lililonirudishia risasi

Nilidhani ni nyuki. Kitu kilinichoma juu kidogo ya kiwiko, nikapangusa, kutazama kiganja nikaona damu. Mzee anayesimamia uwanja wa shabaha akapaza sauti tusimame. Magazini zikachomolewa, chemba zikakaguliwa, bastola zikawekwa mezani, ndipo tukaenda kuliangalia bamba la chuma tulilokuwa tukilipiga.

Bamba lenyewe nililileta mimi. Lilikuwa kipande cha chuma cha kawaida nilichookota karakanani, kinene kwelikweli, na mimi niliamini unene ndio kila kitu. Mzee akanishika mkono, akakipitisha kidole changu usoni mwa bamba. Lilijaa vishimo kama uso wa aliyeugua ndui, na kila kishimo kilikuwa na ukingo ulioinuka, unaokwaruza ukucha.

"Unaona, kijana? Risasi ikitumbukia humu inageuzwa, inatoka na njia ileile iliyojia. Na njiani uko wewe."

Uso wa bamba ukiwa mgumu na tambarare, risasi hupasukia pale pale na vipande vyake hutawanyika pembeni, vikiambaa na bamba. Ndiyo maana mabamba ya shabaha hutengenezwa kwa chuma kilichofanywa kigumu, takriban 500 kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Brinell. Madukani kinaitwa AR500. Nikanunua kimoja, nikaonywa nisikichomelee wala kukikata kwa gesi, kwa sababu moto huondoa ugumu kila unapopita, na hapo ndipo vishimo huanzia. Hata hilo bamba gumu lina ukomo wake: risasi ya bunduki yenye kasi kubwa ikipigwa kwa karibu hulitia vishimo vilevile.

Nililining'iniza kwa mnyororo, uso ukiinamia mbele kama nyuzi 20 ili vipande vielekee ardhini. Jioni ya siku ya kwanza nilikuta mchanga chini yake umechimbika mfereji mwembamba, umejaa vipande vya kijivu vilivyobapa kama maganda ya mbegu. Nilichuchumaa nikavitazama kwa muda mrefu. Ule mfereji ulinifurahisha kuliko shabaha zote nilizopiga siku hiyo.

Kwa bastola sisogei karibu zaidi ya mita 10, na nikiwa na wageni narudi nyuma hadi 15. Kwa bunduki, mita 100. Wapo wanaonicheka. Wacheke tu, kovu liko mkononi mwangu.

Miwani ya kinga nilikuwa nayo siku ile, lakini binamu yangu aliyekaa nyuma kutazama hakuwa nayo, na mpaka leo nikikumbuka napata baridi. Sasa havuki mtu kamba bila miwani inayofunika hadi pembeni, hata aliyekuja kutushikia chupa ya maji. Vizibo vya masikio sivitaji, hivyo kila mtu anavijua.

Kiswahili kimetupa neno moja, risasi, kwa kile kinachoruka na kwa madini yake yenye sumu. Ya pili ndiyo tunayoisahau. Vipande naviokota kwa glavu, na sigusi chakula kabla ya kunawa mikono kwa sabuni.

Mfukoni natembea na sumaku ndogo. Juzi rafiki yangu alikuja na boksi la risasi za bei rahisi, nikaisogeza sumaku kwenye ncha ya mojawapo, ikanasa: ta!

"Labda ni ganda lake la nje tu," akasema.

Inawezekana. Sumaku haiwezi kutofautisha ganda la chuma na kiini cha chuma, na kiini cha chuma ndicho kinachochimba bamba. Nikamwambia arudishe boksi kwenye begi, nikampa risasi zangu. Alinuna hadi raundi ya pili.