St Mullins, pale mto Barrow unapokutana na maji ya bahari

Wikendi hii nilishuka St Mullins, kijiji kidogo cha kaunti ya Carlow hapa Ireland, kipo bondeni kabisa kando ya mto Barrow. Nyumba chache, makaburi, magofu ya makanisa, kitako cha mnara wa mawe, na kilima cha udongo ambacho Wanormani, wavamizi wa zama za kati, walikirundika ili waweke ngome juu. Maji ya bahari yanajaa na kupwa mpaka hapo kijijini, halafu kuna lango la maji la majahazi, ukishalipita huko juu ni mto mtupu. Mimi mtu wa pwani hilo tu lilinikalisha ukingoni muda mrefu.

Aliyekianzisha ni mtakatifu Moling, aliyefariki mwaka 697. Wanasimulia kwamba alichimba mwenyewe kwa mikono yake mfereji wa kuleta maji ya kinu cha kusagia nafaka, miaka 7 anachimba tu. Naipenda sana hii habari, maana watakatifu wengi tunasimuliwa miujiza yao, huyu anakumbukwa kwa kazi ya sepetu.

Sasa mfereji huohuo ndo umeniteka mawazo tangu nirudi. Mwaka 1348 tauni ilipoingia Ireland, kulikuwa na mtawa Mfransisko wa Kilkenny, John Clyn, aliyekuwa akiandika matukio ya kila mwaka, na yeye anaeleza kuwa mwezi wa 9 na wa 10 watu walikuja hapa kutoka kila upande wa nchi, maaskofu, watawa, wakubwa, wanaume kwa wanawake, maelfu kwa siku nyingi mfululizo, wanaingia majini na kutembea humo. Anasema wengine walikuja kwa ibada lakini wengi waliletwa na hofu. Jamani, sisi tuliopitia korona tunaielewa hofu ile, mtu yuko radhi atembee siku kadhaa akaguse maji yaliyobarikiwa, na inawezekana kabisa kubanana kule ndo kulikowaambukiza zaidi, lakini nani ana moyo wa kuwalaumu? Clyn mwenyewe aliacha ngozi tupu za kuandikia, ili kama kuna binadamu atakayesalia aiendeleze kazi yake. Hapo nilishindwa kuendelea kusoma kwa muda.

Kwenye makaburi yale ndimo walimozikwa wafalme wa Leinster, ufalme wa zamani wa upande huu wa Ireland. Mmoja wao ni Art Mac Murrough Kavanagh, aliyemsumbua mfalme Richard II wa Uingereza hadi akaja Ireland na jeshi mara mbili, 1394 na 1399, na ile mara ya pili huku nyuma akanyang'anywa ufalme na binamu yake. Yaani kiti cha London kiliyumba kwa sababu ya mtu wa bonde hili, na bado ukiuliza watu wengi hawajawahi hata kukisikia hiki kijiji. Pia kuna wapiganaji wa uasi wa 1798 dhidi ya utawala wa Waingereza, na ipo altare ya mawe humohumo makaburini, ya enzi zile Wakatoliki walipobanwa na sheria wasisali kwa uhuru, wakawa wanasali nje kwenye baridi na mvua katikati ya wafu wao.

Kinachonigusa ni kwamba pamoja na yote hayo watu bado wanazikwa pale, karibu na wafalme, na kila mwezi wa 7 kuna Jumapili ambayo wenyeji wanarudi kusali makaburini na kuteka maji ya kisima cha Moling. Hakuna mtu aliyeligeuza eneo kuwa kitu cha kutazama tu.

Kitabu cha Injili kinachoitwa kwa jina la Moling kinatunzwa Trinity College, Dublin, cha karne ya 8, na ukurasa wake wa mwisho una duara mbili, moja ndani ya nyingine, zimezungukwa na misalaba iliyoandikwa majina ya wainjilisti na manabii, na baadhi ya wasomi wanaona ni ramani ya monasteri ya Moling pale St Mullins. Natamani sana kuuona huo ukurasa, halafu nirudi St Mullins mwezi wa 7 niitafute misalaba ilipokuwa.