Siku ya bamvua na Babu

Siku niliyotoka na wanangu na Babu yao ilikuwa ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na tuliichagua makusudi. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake, na Babu, yaani baba yangu, aliyevua kwenye hori ya Tudor, Mombasa, ujana wake wote, alishatuonya: kufika saa nne na nusu asubuhi maji yatakuwa yamekupwa kabisa, kwa hivyo asicheleweshwe na mtu. Saa mbili tulikuwa njiani, mahamri na mbaazi zimo kikapuni.

Tulianzia Fort Jesus, Ngomeni kama anavyopaita Babu. Mizinga watoto wameshaizoea. Mimi nilitaka waione ile njia ya matao, iliyochongwa ndani ya mwamba wa matumbawe kuteremka baharini. Waomani walipoizingira ngome, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, msaada wa Wareno ulikuja kwa bahari. Merikebu moja iliyoletwa kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama hapo chini mwaka 1697. Mwanangu mdogo alikodolea macho maji yale akitafuta mlingoti, nikashindwa kumwondoa.

Kutoka hapo ni matatu hadi Jomvu Kuu, kwenye mikoko. Tope lilikuwa wazi, linanuka chumvi na majani yaliyooza, harufu ambayo mimi naipenda tangu utotoni. Babu akavua viatu, akawa mwalimu. Huu mkoko, mizizi imejikita kama miguu ya buibui. Ule mchu, vile vidole vilivyochomoza topeni ndivyo unavyopumulia. Mlilana ndio ule wa mbele kabisa, unaokaa na mawimbi. Binti yangu alipiga hatua mbili, tope likammeza ndara moja, akalia. Babu akamwambia achutame, anyamaze. Dakika chache hivi, matundu yakaanza kufunguka. Kaa wadogo wakatoka mmoja mmoja, na kila dume ana gando moja kubwa kuliko mwili wake, analipandisha na kulishusha kama anayemwita mtu ng'ambo. Karibu na goti lake samaki mwenye macho juu ya kichwa alikuwa akijikokota topeni kwa mapezi. Ndara ikasahaulika. Juu yetu mdiria alikaa kimya kwenye tawi, na yangeyange walitembea ukingoni mwa maji.

Saa nane tulishuka Makupa, kwenye daraja la kuingilia kisiwa cha Mombasa, maji yanajaa. Hapa ndipo nilipotaka tufike. Kabla ya daraja hili kufunguliwa mwaka 2022, palikuwa na tuta lililoziba mlango mzima, maji ya Tudor huku, ya upande wa bandari kule, hayapitani. Mvuvi aliyetaka kuvuka alikuwa hana budi kuzunguka kisiwa. Babu alizeeka akilitazama tuta lile. Sasa mkondo ulikuwa unapita chini ya nguzo kwa nguvu, unafanya vizingia vidogo, na yeye amesimama kwenye mawe, mkono kiunoni, haongei.

Binti alikuwa amebeba mche wa mkoko aliouokota Jomvu, ule mrefu wa kijani unaodondoka mtini ukiwa tayari kuota. Babu akamwomba autupe majini. Matatu ilipiga honi, tukamwita Babu, tukamwita tena. Hakukubali kuondoka mpaka auone umetokea upande wa pili.