Na Ibarikiwe Busara Yako

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii kuna neno limenikaa moyoni. Dada mmoja wa kundi letu la maombi aliona tunavyomhudumia mgonjwa wetu: siku nyingine tunajazana chumbani, siku nyingine haendi hata mmoja. Akachukua karatasi, akamuuliza kila mtu nafasi yake, akapanga zamu. Tangu hapo mgonjwa hajakaa peke yake. Kisha nikamsikia mwenzetu akisema, "Huyo naye ni mjanja sana," na hakusema kwa kusifu.

Mwombaji tunamheshimu, mwimbaji tunamheshimu, mhubiri ndiyo usiseme. Mbona anayejiongeza, anayeona pa kupitia wengine walipokwama, tunamtazama kwa shaka, kana kwamba akili inayofanya kazi ni dalili ya imani kupungua?

Hofu hiyo ina msingi, sikatai. Nyoka alikuwa mwerevu kuliko wanyama wote wa mwitu, na nabii Yeremia aliwalilia watu wenye akili katika kutenda mabaya, wasio na maarifa ya kutenda mema. Lakini ni Bwana mwenyewe aliyetuambia tuwe na busara kama nyoka na wapole kama hua. Na Bezaleli, fundi wa hema ya ibada wakati wa Musa, alijazwa roho ya Mungu ili achonge, afume na kubuni kazi za hema hiyo. Hapo sina la kuongeza.

Ninayetaka tukae naye ni Abigaili, katika 1 Samweli 25.

Mnaijua habari. Nabali, tajiri na mume wa Abigaili, amewatukana wajumbe wa Daudi waliokuja kumwomba chakula, na Daudi anakuja na watu wapata 400, kila mmoja na upanga wake, ameapa kwamba hadi asubuhi hatabakia mwanamume hata mmoja nyumbani mle. Sasa mwangalieni kwanza yule kijana mtumishi, ambaye hata jina lake hatukupewa. Hana cheo wala silaha. Anajua bwana wake haambiliki. Basi hapotezi muda kwa Nabali; anakwenda kwa Abigaili na kumwambia, fikiri sasa utakalofanya. Kujua nani wa kuambiwa nalo ni jambo la hekima.

Hapo kijana huyo amenisaidia mimi binafsi. Nyumbani kwetu ndugu wawili wamekuwa hawasemezani kwa sababu ya matunzo ya mzazi wetu, na mimi niko katikati. Nimeomba, na bado naomba. Nikiwa nasoma sura hii nikamkumbuka shangazi yetu, ambaye wote wawili hawawezi kumkatalia. Nikampigia simu. Hawajapatana bado. Lakini Jumamosi walikaa chumba kimoja mbele yake na kuzungumza, jambo ambalo sikulitarajia, na namshukuru Mungu kwa hilo kwa moyo wangu wote.

Abigaili alifanya nini? Alifanya haraka. Akachukua mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha andaliwa, bisi, zabibu kavu, mikate ya tini. Vitu vilivyokuwamo nyumbani siku ile ile. Akatanguliza zawadi, yeye akafuata nyuma, ili hasira ikutane na chakula kabla ya kukutana na maneno. Alipomwona Daudi akashuka upesi juu ya punda na kusema uovu ule uwe juu yake yeye. Mpendwa, hapa ndipo utakapomtofautisha mwenye busara na mlaghai. Mlaghai akitatua jambo, gharama huangukia mwingine. Abigaili aliibeba mwenyewe. Wala hakuficha: usiku ule mumewe alikuwa amelewa sana, naye Abigaili akanyamaza, asubuhi divai ilipomtoka, akamweleza yote.

Tena sikilizeni anavyomwambia Daudi: BWANA ndiye aliyekuzuia usimwage damu. Jamani! Aliyepakia punda ni nani? Aliyekimbia njiani ni nani? Naye anasema ni BWANA. Daudi anajibu kwa kumhimidi BWANA aliyemleta, kisha papo hapo anasema, "Na ibarikiwe busara yako, na ubarikiwe wewe." Hakuona kwamba shukrani moja inaipunguza nyingine.

Sasa niseme kwa upendo, lakini niseme. Tumeigeuza "tumwachie Mungu" kuwa mahali pa kujificha. Kuna mambo ambayo kweli hatuna la kufanya ila kupiga magoti. Lakini mjane kanisani paa linavuja, tunasema tumwachie Mungu. Vijana hawana kazi, tumwachie Mungu, na hakuna aliyekaa nao hata jioni moja kuwauliza wanajua kufanya nini. Huko si kumwachia Mungu, ndugu zangu. Ni kumwachia jirani, naye jirani anamwachia mwingine. Yakobo katika waraka wake anasema mtu akipungukiwa na hekima aombe kwa Mungu. Hekima ikishapewa unataka ikae wapi, kama si mikononi na miguuni?

Na nyinyi mnaotafuta njia kimya kimya, mnaopanga, mnaopatanisha, mnaofanya kidogo kikatosha: msiache kwa sababu ya neno la mtu. Kitabu cha Mhubiri kinasimulia juu ya maskini mmoja mwenye hekima aliyeuokoa mji, wala hakuna aliyemkumbuka. Mungu alihakikisha habari yake imeandikwa. Wengine tumwendee mmoja wao wiki hii, tumwambie maneno yale ya Daudi usoni pake.

Baba, yupo anayesoma haya akiwa amekwama, ameshajaribu na amechoka. Mwonyeshe kilichomo nyumbani mwake. Mwonyeshe wa kumwambia. Na kama sisi ndio tunaopaswa kuambiwa, utukute tayari kuondoka upesi. Katika jina la Yesu, amina.