Nilivyomtayarishia sungura wangu uwanja wa kukimbia ndani ya nyumba

Huku kwetu Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, sungura wengi hufugwa kwa ajili ya nyama, na wenye bustani hukinga mkojo wao wakarutubishie mboga. Banda lake ni lile la mbao lililoinuliwa juu ya miguu minne, nyuma ya nyumba. Nilipoamua kufuga mmoja ndani, akae nasi kama mmoja wa nyumba, sikumpata jirani wa kuiga kwake. Niliwauliza wafugaji, nikamwuliza daktari wa mifugo, nikasoma nilichoweza kusoma, kisha nikaitazama nyumba yangu upya. Nilichokiona mapema, na ambacho ningetaka kila mwenye nia kama yangu akijue kabla ya kununua hata msumari, ni kwamba uwanja wa sungura huanzia sakafuni. Watu hukimbilia uzio. Mimi nilianza na nyayo zake.

Mgeuze sungura taratibu uitazame nyayo yake. Paka na mbwa wana vile vinyama laini vinavyoshika chini wanapotembea. Sungura hana, ana manyoya tu mpaka kwenye kucha. Kwenye udongo kucha zinachimba na mnyama anakwenda kasi anayotaka. Kwenye vigae, au kwenye saruji iliyosuguliwa ikang'aa, hazina pa kushika. Miguu ya nyuma inatawanyika pembeni, na kwa mtoto wa sungura ambaye mifupa bado inakua hilo si jambo la mara moja likapita. Sakafu ngumu nayo hula manyoya ya kisigino hadi ngozi ikabaki wazi na kufanya kidonda, na kidonda cha kisigino cha sungura kinachelewa mno kupona. Halafu kuna mgongo. Mifupa yake ni myepesi, lakini misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu nyingi. Akishtuka, akapiga teke huku hana pa kukanyaga, anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe.

Chumba nilichokitoa ni kile cha nyuma tulichokuwa tunawekea magunia na baiskeli. Kina urefu wa zaidi ya mita tatu na upana wa mita mbili na ushee, na hicho ndicho kipimo nilichokuwa nakitafuta. Mashirika ya Uingereza yanayotetea sungura wa nyumbani hushauri eneo lisilopungua mita tatu kwa mbili, ili mnyama apate kuruka mara kadhaa mfululizo kabla hajafika ukutani. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopakwa nta nyekundu, kama nyumba nyingi za hapa mtaani kwetu Oli. Niliisugua kwa maji ya moto, sabuni na brashi ngumu mpaka maji yakatoka meupe. Sungura hujilamba nyayo kutwa nzima, na chochote kilichoko sakafuni kitaishia tumboni mwake.

Kisha nikafikiria cha kutandika. Mikeka ya plastiki niliikataa palepale. Sungura hutafuna, na nyuzi za plastiki zikimziba utumbo hana njia ya kuzitoa, kwa sababu sungura hawezi kutapika. Kapeti la manyoya marefu hunasa kucha. Mikeka ya ukindu iliyotiwa rangi za madukani sikujua rangi zake ni za nini, nikaiacha. Nilichochagua ni magunia ya katani yaliyobebea kahawa kutoka milima ya Zombo. Ni mazito, yanashika kucha, yanapitisha hewa, na yakilowa yanafuliwa na kuanikwa. Hapa nawaomba wenzangu wa West Nile, eneo letu hili lote, tuwe macho: huku kwetu katani hutumika pia kufungia tumbaku, na gunia lililogusa tumbaku lina sumu ambayo kiumbe wa kilo mbili haiwezi. Mimi nilimwambia muuza magunia wazi kwamba ni ya mnyama kulalia, kisha nikainusa kila moja kabla ya kulipa.

Magunia niliyafua, nikayapasua yakawa mapana, nikayatandika mawili mawili, moja juu ya jingine, na katikati nikaweka mablanketi ya pamba yaliyochakaa. Kazi kubwa ilikuwa kwenye pindo. Gunia likikatwa huanza kutoa nyuzi ndefu, na nyuzi ndefu ni hatari ileile ya plastiki. Basi nikachukua shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na uzi wa pamba, nikakunja kila ukingo mara mbili kwenda ndani, nikashona kwa mishono ya karibu karibu, halafu nikapitisha kiganja pote kutafuta uzi uliojitokeza. Binti yangu aliketi pembeni na mkasi akikata vinyuzi. Kila mwezi nageuza pindo zote na kuzikagua tena, na penye dalili ya meno nashonea kiraka.

Uzio ulikuwa mwepesi zaidi. Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea nikamwomba fremu za wavu mgumu wa chuma, wenye matundu ya inchi moja, kimo cha sentimita tisini, maana sungura mwenye afya anaruka juu kuliko watu wanavyodhani.

"Mama, nikupigie rangi gani?" akaniuliza.

"Usipake rangi, fundi. Ataitafuna. Nisugulie tu ncha zote kwa tupa zisimchome."

Alizisugua vizuri, Mungu ambariki, hata zile za chini ambazo angeweza kuziacha. Wavu mwembamba wa kuku sikuutaka. Meno ya sungura yanaukata, na ncha zake zikikatika huwa sindano. Kwa juu sikufunika, ili mtu mzima aingie kwa kuvuka na kuketi naye.

Baadaye nililala kifudifudi sakafuni nikakagua chumba kutoka kimo cha macho yake. Fanya hivyo bila kuona haya. Nikiwa nimesimama chumba kilikuwa kitupu. Nikiwa chini niliona waya wa sola unaoshuka ukutani hadi kwenye betri, pengo nyuma ya kabati ambalo sungura angeingia na asitoke, misumari ya baiskeli, na mabaki ya dawa ya panya kwenye kona. Dawa ile niliizoa nikiwa nimevaa glavu, kisha nikaosha kona hiyo peke yake. Betri nilihamishia chumba kingine. Waya uliobaki niliuingiza ndani ya bomba la plastiki la maji lililopasuliwa kwa urefu, nikaliinua na kulipigilia ukutani juu kuliko anavyofika akisimama wima. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima atafune, na waya wa umeme hukatika kwa ng'ato moja tu. Ili apate cha halali cha kutafuna, nilimwekea vijiti vya mpera na nyasi kavu nyingi. Nyasi ndiyo chakula chake kikuu na ndiyo inayosaga meno hayo, kwa hiyo ipo uwanjani saa zote. Majani ya mparachichi nimewakataza watoto kabisa kuyaingiza, hata kwa kuchezea. Mti uko dirishani na sumu yake kwa sungura inajulikana.

Joto ndilo lililonikosesha usingizi. Kuanzia Desemba hadi Machi mchana wa Arua huvuka nyuzi thelathini, na chini ya mabati huzidi hapo. Sungura hatoki jasho; joto hulitoa hasa kwa masikio. Likipanda kupita nyuzi ishirini na nane hivi huanza kuteseka, na akishazidiwa anaweza kufa siku hiyohiyo. Nilipigilia dari ya mkeka wa matete chini ya mabati, nikafungua dirisha la upande wa pili ili upepo upite, nikaliziba kwa wavu. Nimeweka kipimajoto ukutani karibu na sakafu, kwa kuwa huko ndiko anakoishi. Pia nina kigae kikubwa cha chungu kilichovunjika, kingo zake nimezisugua juu ya jiwe, hukilowesha maji asubuhi na yeye hukilalia tumbo. Chupa ya maji ya barafu iliyoviringishwa kitambaa huwekwa siku za joto kali. Akihema haraka mdomo wazi, au masikio yakiwa ya moto na amelegea, ni kumfuta masikio kwa maji ya baridi ya kawaida na kumtafuta daktari bila kungoja.

Saa zake za kukimbia zilijipanga zenyewe. Sungura huchangamka alfajiri na machweo, mchana hulala. Nikitoka kuswali alfajiri namfungulia, na kabla ya magharibi tena, wakati jua limepoa. Kwa saa hizo mbili nyumba nzima imeshazoea kumwachia njia.

Siafu nao ni wa kuwafikiria. Wanapohama wakati wa mvua huingia nyumbani usiku, na mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Niliweka mpira chini ya mlango, napangusa mabaki ya chakula kila jioni, na majivu nayamwaga nje ya kizingiti. Dawa ya kupuliza wadudu haiingii chumba hicho.

Sungura mwenyewe nilimchukua kwa mfugaji wa njia ya Kuluva: mbegu ya California, mweupe, pua na masikio meusi, umri wa miezi mitatu. Watoto wakamwita Pamba. Alipofika nilimfungulia sehemu ndogo kwanza, penye katoni yenye milango miwili, niliyoitoa gundi na pini zote. Milango miwili kwa sababu yeye ni windo kwa asili. Shimo lenye mdomo mmoja kwake ni mtego. Watoto niliwafundisha kuketi chini wamngoje aje mwenyewe. Kumbeba kwa masikio, kama tunavyoona sokoni, marufuku. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine umeshika makalio, na hilo hufanywa na mtu mzima. Alichagua kona ya kujisaidia mwenyewe, nikaweka beseni palepale, magazeti chini na nyasi juu. Mkojo ukitoka wa rangi ya chungwa usiogope, mara nyingi ni majani aliyokula.

Hajati wa nyumba ya pili alikuja kutazama. "Mwanangu, chumba kizima kwa sungura?" Nikamkaribisha aketi. Pamba akatoka kwenye katoni, akasimama kwa miguu ya nyuma, akanusa ukingo wa kanga yake. Kisha akakimbia kutoka pembe hadi pembe, na katikati ya mbio akajirusha juu, kichwa akakigeuzia huku na kiuno kule, akatua bila kuteleza hata kidogo, akajirusha tena. Sungura huruka hivyo akiwa na furaha. Hajati alisema "Masha-Allah" na akauliza magunia nimeyanunua wapi.

Sasa natafuta mwenzake, kwa kuwa sungura ni mnyama wa kundi na upweke humdhoofisha. Pamba ni dume, na mimba ya sungura ni mwezi mmoja tu, kwa hiyo daktari atamhasi kwanza, na hata baada ya hapo inabidi kungoja wiki kadhaa kabla ya kumleta jike. Muda huo nautumia kushona magunia ya ukumbini, kwani wawili watahitaji kupita mlango ule na kuendelea na mbio upande wa pili.