Sheria Inayoingia Vidoleni

Vijana wengi katika vibanda vya gemu hapa Mwanga, Kigoma, huchagua soka, nami naipenda soka pia. Hata hivyo, jioni hii umeme uliporudi niliwasha tena Handball 21, gemu ya mpira wa mikono iliyotengenezwa na studio ya Kifaransa ya Eko Software na kutolewa mwaka 2020, nikajiuliza kinachonivuta ni nini hasa.

Naamini ni sheria. Soka tunaijua tangu utotoni, ilhali mpira wa mikono, ambao wengi wetu tuliuona mara ya mwisho kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, hukulazimu kuutazama uwanja upya. Timu ina wachezaji saba, na mbele ya goli umechorwa mstari wa mita 6 ambao kipa peke yake ndiye anayeruhusiwa kuwa ndani yake. Mshambuliaji anaweza kuruka juu ya eneo hilo, mradi mpira umtoke mkononi kabla hajatua. Nilikuwa nimeisoma sheria hiyo zamani bila kuguswa nayo, lakini vidole vyangu vilipolazimika kuitii ndipo nilipoelewa kwamba winga anayeruka kutoka pembeni hafanyi mbwembwe: kila hatua anayoipata hewani inampanulia goli ambalo, akiwa chini, karibu lote limezibwa na kipa. Picha za gemu hii hazifikii zile za gemu kubwa za soka, na hilo halinipunguzii chochote.

Mwaka 2011 studio ya Big Ant ya Melbourne ilitoa AFL Live, gemu ya soka ya Australia, yenye wachezaji 18 kila upande na milingoti minne, ambapo mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya miwili ya katikati huleta pointi 6. Kigoma hatuna uwanja wa mchezo huo. Kwa mtu wa hapa, gemu ndiyo uwanja wenyewe.

Ninachokitamani zaidi ni gemu nzuri ya mpira wa pete, mchezo ambao dada zetu wanaujua kwa undani. Mwenye mpira haruhusiwi kukimbia nao, wafungaji ni wawili tu, na kila mchezaji ana mipaka yake. Ningependa nipewe nafasi ya mlinzi wa goli, asiyetoka nje ya theluthi yake ya uwanja, nijifunze kuusubiri mpira ambao siruhusiwi kuufuata.