Miti ya uani niliichagua mwezi wa kumi

Huku Mtwara, ukitaka mti usiopukutisha majani usiuchague masika. Mwezi wa tatu kila kitu kibichi, hata magugu. Nilingoja mwezi wa kumi, mvua imeshasahaulika, nikapita Shangani hadi Mikindani nikichungulia nyua za watu. Mikrismasi imebaki maganda yananing'inia. Miembe, mizambarau na midimu imejaa majani tele. Mkorosho nao hauvui nguo kiangazi, ila shambani hupewa mita 12 kwa 12. Uani kwangu ungekuwa mwenye nyumba, mimi mpangaji.

Upande wa bahari, kusi linakoleta chumvi, nikaamua mivinje. Haijali mchanga. Magharibi, kwenye jua la alasiri, mzambarau, mbali na ukuta, shimo la choo na kamba ya nguo, maana zambarau likidondokea shuka nyeupe, doa halitoki. Uzio wengi huweka minyaa kwa sababu ukichomeka kijiti kinashika. Ila utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, na kwangu kuna watoto. Nikachagua midimu: miiba ninayo, ndimu za mchuzi ninazo.

Mama muuza miche akaninyooshea mzambarau mrefu. "Chukua huu mwanangu, umeshakua." Nikainua kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche: mizizi imetoboa chini, imejiviringa. "Shikamoo yako mama, lakini nipe ule mfupi." Akacheka, akanipa.

Mashimo nilichimba kabla ya mvua, sentimita 60 kila upande, udongo wa juu nikauweka kando nikauchanganya na samadi iliyooza vizuri. Mchanga wetu haushiki maji, bila samadi unamwagilia kuzimu. Desemba mvua iliposhika nikapanda jioni, nikichana kiriba taratibu bonge la udongo lisivunjike. Juu nikatandaza nyasi kavu, nikaacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, kwani mchwa wa huku hawahitaji mwaliko.

Kazi yenyewe ni kiangazi cha kwanza. Sikunyunyiza kikombe kila siku. Nilimwaga ndoo nzima, nikaacha siku kadhaa, mizizi ifuate maji chini. Na kila mche nikauzungushia makuti, maana mbuzi wa mtaa wetu hufunguliwa asubuhi kama wanafunzi, na midimu michanga wanaipenda kuliko nyasi.